Maini Yetu, Kalamu za Wengine: Toleo Maalum la Kampala na Somo Lake kwa Wahitimu wa Uvira



Mara kwa mara mtu anatupa kwenye makundi yetu ya WhatsApp tangazo la namna hii: jarida fulani la utafiti wa ini linaandaa "toleo maalum", linatafuta makala kutoka Afrika, mwisho wa kutuma ni tarehe fulani. Mmoja anashangilia. Mwingine anauliza, "Inalipiwa ngapi?" Wa tatu anasema hayo ni mambo ya maprofesa wa Kinshasa na Ulaya, siye tuendelee na ndagala zetu. Nimeona niandike kidogo juu ya jambo hili kwa sababu lina historia, tena historia inayotugusa. Kansa ya ini ya Mwafrika ilishawahi kuwekewa makala nyingi pamoja katika jarida la kimataifa, kabla wengi wa wazazi wetu hawajazaliwa. Ukiangalia nani aliandika, aliandika kutokana na nini, na nini kilibaki baadaye, utajua pa kuanzia.

Hoja yangu naiweka mapema. Toleo maalum haliandaliwi siku wito unapotoka. Linaandaliwa miaka mingi kabla, ndani ya rejista ya hospitali. Mwenye rejista nzuri ndiye mwenye la kusema. Asiyekuwa nayo ataombwa "atoe sampuli", kisha jina lake litawekwa kwenye shukrani, kama limewekwa.

KWANZA, TOLEO MAALUM NI NINI?

Jarida la kawaida linapokea makala za kila aina, kila moja na swali lake. Toleo maalum ni tofauti: swali ni moja, waandishi ni wengi. Kuna mhariri, mara nyingi mhariri mwalikwa, anayependekeza mada, anaeleza kwa nini wakati wake umefika, anaorodhesha watu wanaoweza kuandika, na anapanga tarehe. Halafu makala zinakuja, zinahakikiwa, nyingine zinakataliwa, zilizobaki zinatoka pamoja. Likifanywa vizuri, msomaji anapata picha ambayo makala moja peke yake haiwezi kumpa. Katika fani ya ini utaratibu huu ni wa kawaida kabisa. Kuna jarida kama Seminars in Liver Disease, lililoanza mwaka 1981, ambalo limejengwa juu ya wazo hilo: kila toleo na mada yake.

Lakini wazo lenyewe ni la zamani kuliko hapo, na kwa upande wetu linapita Kampala.

KAMPALA, 1956

Miaka ya 1940 na 1950 madaktari waliokuwa wakifanya kazi Afrika walikuwa wanaona jambo lililowashangaza. Kansa inayoanzia kwenye ini lenyewe, ambayo Ulaya na Marekani ilikuwa nadra, huku kwetu ilikuwa ya kila siku, tena iliwashika vijana. Afrika Kusini, Charles Berman aliiona kwa vijana waliotoka Msumbiji kwenda kuchimba dhahabu, akaandika kitabu kizima juu yake, kikatoka mwaka 1951. Makerere na Mulago alikuwapo Jack Davies, mtaalamu wa patholojia, ambaye alianzisha daftari la kansa la Kampala. Johannesburg alikuwapo John Higginson. Na kwetu? Mwaka 1957 A. Thijs alichapisha katika jarida la jumuiya ya Wabelgiji ya tiba za nchi za joto hesabu ya uvimbe wa kansa 2,536 wa wenyeji wa Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi. Soma tena: Kongo na Ruanda-Urundi. Yaani watu wa pande zetu hizi, pwani zote mbili za juu za Tanganyika.

Mwaka 1956, chama cha kimataifa cha kupambana na kansa, UICC, kiliita mkutano Kampala juu ya kansa ya ini Afrika. Mwaka uliofuata makala za mkutano zilitoka katika jarida la chama hicho, Acta Unio Internationalis contra Cancrum, juzuu ya 13. Hilo ndilo ninaloliita toleo maalum la Kampala.

Tusiliangalie kwa chuki wala kwa kulishangilia. Tuangalie kazi iliyofanyika. Kabla ya hapo kila daktari alikuwa anahesabu kwa namna yake. Huyu anahesabu maiti zilizopasuliwa, yule anahesabu vipande vya nyama vilivyoletwa labo, mwingine anahesabu wagonjwa waliolazwa. Hesabu za namna hiyo huwezi kuzipanga pamoja, sawa na kulinganisha gunia la Baraka na ndoo ya Bujumbura. Kuwaweka watu hao meza moja, na makala zao ndani ya jarida moja, kuliwalazimisha kuulizana: wewe unaposema "kansa ya ini" unamaanisha nini? Uliipima namna gani? Kati ya wagonjwa wangapi? Hapo ndipo thamani ya toleo maalum inapoonekana: watu wanakubaliana kwanza namna ya kuhesabu, majibu yanakuja baadaye.

NA MAJIBU YAO?

Tuseme ukweli: majibu yao mengi hayakusimama. Wakati ule wazo kubwa lilikuwa njaa ya protini. Mwaka 1954 Trowell, Davies na Dean walikuwa wametoa kitabu chao juu ya kwashiorkor, ugonjwa ambao ini la mtoto linajaa mafuta. Wengi wakafikiri hivi: mtoto anakula vibaya, ini linaharibika, linaota makovu yanayoitwa sirosisi, na mwisho kansa. Mnyororo mzuri, unaeleweka. Wakaupima. Mwaka 1957 hiyohiyo Steiner na Davies walichapisha kazi yao juu ya sirosisi na kansa ya ini Uganda. Mwaka 1960 Steiner, aliyetoka Chicago, akatoa ulinganisho wa ini la Afrika na la Marekani. Lakini njaa peke yake haikutosha kueleza mambo.

Majibu yalikuja kwa njia ambazo hakuna aliyekaa Kampala angezitabiri. Mwaka 1960 Uingereza, batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa. Chanzo kikaonekana ni unga wa karanga za kutoka Brazili walizolishwa. Ndani yake kulikuwa na sumu ya ukungu, ikaitwa aflatoksini. Watanzania siku hizi wanaiita sumukuvu. Sumu hiyohiyo ikakutwa katika karanga za sehemu nyingine, Afrika Mashariki ikiwemo. Halafu mwaka 1965 Baruch Blumberg na wenzake wakatangaza kitu kipya katika damu ya mwenyeji mmoja wa Australia. Kumbe kilikuwa alama ya kirusi cha homa ya ini B. Blumberg akapata Nobel mwaka 1976.

Batamzinga wa Uingereza na damu ya Australia: vitu viwili vya mbali, lakini vyote viwili vilirudi kwetu kutafuta uthibitisho. Na walirudi wapi? Pale ambapo tayari watu walishahesabu. Uganda, Alpert, Hutt na wenzao walikusanya sampuli 480 za chakula kati ya 1966 na 1967. Karibu 30 katika kila 100 zilikuwa na aflatoksini, na sehemu zilizokuwa na sumu nyingi zaidi ndizo zilizokuwa na kansa ya ini nyingi zaidi. Makala yao ilitoka mwaka 1971. Kenya, Peers na Linsell walifanya kazi ya namna hiyo Murang'a, wakilinganisha watu wanaoishi miinuko tofauti, ikatoka mwaka 1973. Hakuna mtu angeweza kusema "sumu nyingi, kansa nyingi" kama upande wa kansa haujahesabiwa vizuri. Wazo la 1956 likaanguka, lakini namna ya kuhesabu ikabaki, na ndiyo iliyozaa majibu.

Mdogo wangu unayeandika memwari, hapo kuna la kukutia moyo. Hitimisho lako linaweza kupitwa na wakati. Jedwali lako, likiwa la kweli, litatumika hata ukiwa umezeeka.

MAJINA

Sasa tuje kwenye sehemu inayouma. Berman, Davies, Higginson, Steiner, Thijs. Hayo ndiyo majina ya enzi ile. Ini lilikuwa la Mganda, la Mkongomani, la Mmsumbiji. Kalamu ilikuwa ya mwingine.

Kwetu Kongo hali ilikuwa mbaya zaidi. Tulipopata uhuru mwaka 1960 hakukuwa na Mkongomani hata mmoja mwenye shahada ya udaktari. Walikuwapo wasaidizi wa udaktari, watu waliofundishwa vizuri, waliojua wodi na labo kuliko wengi. Ni rahisi kufikiri nani alikuwa anajaza vitabu vya wodi, nani alikuwa anaandika umri wa mgonjwa na kijiji chake. Hesabu zile 2,536 hazikujiandika zenyewe. Lakini ulimwengu wa majarida hausomi mkono uliojaza rejista. Unasoma jina lililo juu ya makala.

Je, ilikuwa lazima iwe hivyo siku zote? Hapana. Mwaka 1964, miaka saba tu baada ya toleo la Kampala, British Medical Journal ilichapisha kazi katika sehemu mbili juu ya kansa katika jamii ya Kiafrika kuanzia 1897 hadi 1956. Chanzo chake kilikuwa kumbukumbu za hospitali ya Mengo, Kampala, ambayo Albert Cook aliianzisha mwaka 1897. Karatasi za wagonjwa za karibu miaka 60! Kazi hiyo ilionyesha kwamba kansa haikuwa ugonjwa mgeni ulioletwa na maisha ya kisasa, ilikuwapo tangu karatasi za kwanza. Na kwenye orodha ya waandishi, pamoja na Davies na Hutt, kuna Mtimavalye na kuna Owor. Owor baadaye akawa profesa wa patholojia palepale Makerere.

Hawa hawakuhitaji mashine ya bei kali. Walihitaji karatasi zilizotunzwa na subira ya kuzisoma moja moja.

INI LA WATU WA ZIWA

Mtu anaweza kusema: hizo ni habari za Kampala. Sawa, turudi nyumbani. Ini la mtu wa bonde la Rusizi na la pwani ya Tanganyika lina adui mwingine zaidi ya ukungu na kirusi. Ni kichocho cha tumbo, bilarziozi. Mnyoo unakaa kwenye mishipa ya tumbo, mayai yake yanabebwa na damu hadi kwenye ini, yanakwama, ini linaota makovu kuzunguka mishipa. Damu inakosa njia, bandama inavimba, tumbo linajaa maji, na siku moja mtu anatapika damu. Kila mmoja wetu amewahi kusikia mgonjwa wa namna hiyo akisemwa kuwa amerogwa.

Ugonjwa huu umeandikwa juu yake, na si mbali. Mwaka 1987 Gryseels na Polderman walichapisha hali yake Maniema. Mwaka 1988 Gryseels na Nkulikyinka walichapisha ramani yake katika bonde la Rusizi, upande wa Burundi, yaani ukivuka mto tu. Na mwaka 1987 hiyohiyo Loreau na Baluku walichapisha kazi juu ya konokono wanaobeba kimelea hicho mashariki mwa Zaire. Baluku huyo ni Baluku Bajope wa CRSN Lwiro, mtu wa Kivu hii hii. Alihesabu konokono mwezi baada ya mwezi ndani ya maji baridi ya mto. Leo ukitafuta kazi juu ya konokono wa aina ile, jina lake linatokea.

Hata hapa hadithi ya Kampala ilijirudia. Mashine za ultrasaundi zilipoanza kutumika vijijini kuangalia ini la mwenye kichocho, kila timu ilikuwa inapima kwa namna yake. Mwaka 1990 wataalamu walikutana Kairo kukubaliana namna moja, na makubaliano yao yakatoka katika Acta Tropica mwaka 1992. Baadaye yakarekebishwa Niamey, mwaka 1996. Ni utaratibu uleule: swali moja, watu wengi, kipimo kimoja.

REJISTA YA UVIRA ILISHAFANYA KAZI

Kwa wanaosema Uvira hatuna cha kuchangia, nina mfano usiohusu ini, lakini unahusu mji wetu. Mwaka 2015 PLoS Medicine ilichapisha utafiti juu ya kipindupindu na maji ya bomba Uvira. Walichofanya ni kuchukua rejista ya kituo cha kutibu kipindupindu kuanzia 2009 hadi 2014, wakaiweka sambamba na kumbukumbu za kila siku za maji yaliyosukumwa na REGIDESO. Basi. Wakakuta kwamba baada ya siku isiyo na maji ya bomba, wagonjwa waliongezeka kwa asilimia 155 katika siku 12 zilizofuata, ukilinganisha na baada ya siku ambayo maji yametoka vizuri. Kila mama wa Mulongwe na Kalundu alishalijua hilo bila jarida. Lakini sasa limeandikwa, linahesabika, na mtu wa ofisini hawezi kulikana. Tena kwenye orodha ya waandishi kuna majina ya Kikongomani, si kwenye shukrani tu.

Nani alifanya makala ile iwezekane? Muuguzi aliyekuwa wa zamu usiku, ambaye hata akiwa amechoka aliandika tarehe na mtaa wa mgonjwa. Na mfanyakazi wa pampu aliyeandika mita za maji kila siku. Mmoja wao angeacha kuandika miezi sita, hesabu ingekufa.

Na mnakumbuka mafuriko ya Aprili 2020, Mulongwe ilipobeba nyumba na watu. Maji ya namna ile yakiingia kwenye chumba cha karatasi, ushahidi wa miaka mingi unakwisha kwa usiku mmoja. Rejista isiyopigwa hata picha ya simu iko hatarini kila msimu wa mvua.

TAHADHARI, NA NAMNA YA KUANZA

Kabla hamjakimbilia wito wa kwanza mtakaouona, kuna jambo la hivi karibuni la kujua. Matoleo maalum yamegeuka biashara pia. Kampuni ya uchapishaji Hindawi, iliyonunuliwa na Wiley mwaka 2021, ilijaza majarida yake matoleo ya namna hiyo. Mwaka 2023 zaidi ya makala 8,000 zilifutwa, nyingi zikiwa zilipitia humo, kwa sababu uhakiki wake ulichezewa. Makala ikifutwa, jina lako linabaki pale na neno "imefutwa" juu yake.

Kwa hiyo ukipata mwaliko, uliza maswali matatu. Mhariri mwalikwa ni nani, na ameshaandika nini juu ya ini? Swali la toleo ni moja kweli, au ni kapu la kila kitu? Na wanaahidi kuchapisha haraka kabla hata hawajasoma? Jarida la kweli haliahidi. Juu ya pesa, mjue kwamba Kongo iko katika kundi A la mpango wa Research4Life, na wachapishaji wengi wakubwa wanawasamehe malipo waandishi wa nchi za kundi hilo. Uliza kabla ya kutuma, tena kwa maandishi. Msiuze mbuzi wa mama kwa ajili ya makala.

Halafu anzeni na kidogo. Chagueni kituo kimoja cha afya. Ombeni ruhusa ya mganga mkuu wa zoni na ya kamati ya maadili, kwa sababu majina ya wagonjwa si mali yetu. Kisha safu chache tu: tarehe, umri, jinsia, mtaa, tumbo maji au hapana, bandama, kutapika damu, kipimo cha homa ya ini B kama kilifanyika, matokeo. Neno moja liwe na maana moja, leo na mwaka kesho, kwako na kwa atakayekurithi. Wa Uvira, wa Baraka na wa Kiliba mkikubaliana safu hizo hizo, mmeshafanya kile ambacho Kampala na Kairo walifanya.

Kinachotungoja si kidogo. WHO ilisema mwaka 2024 kwamba watu milioni 254 duniani wanaishi na homa ya ini B ya kudumu, na kwamba homa za ini B na C zinaua watu milioni 1.3 kwa mwaka. Ndani ya hesabu hizo kuna watu wetu, ila wengi wao wamekadiriwa wakiwa mbali, kwa sababu karibu nao hakuna aliyewahesabu. Mtu aliyekadiriwa ni rahisi kumsahau dawa zinapogawanywa. Ndiyo maana nasema jambo hili si la kutafuta sifa ya kuchapishwa. Ni suala la mgonjwa wa Kavimvira kuonekana kwenye meza ambako chanjo na dawa zinapangwa.

Chama chetu kina wahitimu wa afya, wa takwimu, wa maji, hata wa sheria. Napendekeza tuanze na kituo kimoja na miaka mitatu ya rejista yake ya zamani, tuipige picha, tuihifadhi sehemu mbili, kisha tuihesabu. Nani yuko tayari kushika kituo cha mtaa wake?